MAONI YETU: Taimingi Kwanza, Kabureta Baadaye

Pikipiki ikianza kula mafuta, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye kabureta. Anafungua skrubu ya hewa nusu mzunguko, anairudisha, anasikiliza, anapandisha sailensa (mzunguko wa mashine eksileta ikiwa imeachiwa), anabadilisha jeti. Mteja analipa na kuondoka. Baada ya siku chache anarudi na ugonjwa uleule, pengine umezidi.

Msimamo wetu ni huu: fundi asiguse kabureta kabla hajathibitisha kwamba plagi inapiga moto kwa wakati wake, yaani taimingi iko sawa. Anayeanza na kabureta anapoteza petroli ya mteja, na mara nyingi anaiua mashine huku akidhani anaiponya.

Tunalisema hili tukiwafikiria watu wa Mucojo. Mucojo iko pwani ya Wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kilomita zipatazo 45 kutoka mji wa Macomia, kwa njia ya udongo na mchanga. Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 vimewatawanya wakazi wake, na mwanzoni mwa 2024 waasi waliikalia Mucojo yenyewe. Watu waliopitia hayo wanapoanza upya, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo gari la samaki wakavu, ndiyo gari la gunia la mchele. Petroli yake huuzwa kwa chupa kando ya njia, kwa bei ya mwenye chupa. Kila tone linaloteketea bure kwenye ekzosi limetoka mfukoni mwa mtu asiye na cha kupoteza.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme pikipiki ilikuwa ikienda kilomita 45 kwa lita moja, na sasa inakwenda 36. Safari ya Mucojo hadi Macomia, kwenda na kurudi, ilikuwa ikimaliza lita 2. Sasa inamaliza lita 2 na nusu. Nusu lita hiyo kila safari ndiyo faida ya dereva, na kwa wengi ndiyo faida yote.

Sasa, moto wa plagi unahusianaje na ulaji wa mafuta? Petroli iliyochanganyika na hewa hailipuki yote papo hapo. Moto huanzia kwenye ncha ya plagi na kusambaa, na safari hiyo huchukua muda. Muda huo ni mfupi mno kwetu, lakini kwa mashine si mfupi. Mashine ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki hugeuka digrii 18 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikizunguka mara 6,000, hugeuka digrii 36. Kwa hiyo plagi lazima ipige kabla pistoni haijafika kileleni, ili nguvu kubwa ya moto iikute pistoni ikiwa imeshapita kilele kidogo, kama digrii 10 hadi 20, inaanza kushuka. Hapo ndipo msukumo unapofanya kazi yote.

Kina mama wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja wanaijua siri hii bila kufundishwa: anayewahi michi inagongana, anayechelewa anatwanga pasipo nafaka.

Kwa pikipiki nyingi ndogo za silinda moja, zile za cc 100 hadi 150 zilizoenea kutoka Kampala hadi Pemba ya Msumbiji, plagi hupiga takriban digrii 10 hadi 15 kabla ya kilele mashine ikiwa kwenye sailensa, na husogezwa mbele hadi karibu digrii 30 mashine inapokimbia. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya dereva: pikipiki za miaka ya mwanzo ya karne iliyopita zilikuwa na mkono mdogo kwenye usukani wa kuwahisha au kuchelewesha moto, na asiyejua kuutumia alirushwa na kiki. Baadaye zikaja pointi zenye vyuma vya kujisogeza, kisha CDI, boksi la elektroniki linalopanga moto lenyewe. Kwa kuwa kazi imefichwa ndani ya kijiboksi cheusi, mafundi wengi wameisahau.

Tuangalie kwa karibu yanayotokea taimingi ikichelewa. Plagi inapiga pistoni ikiwa imekaribia mno kilele. Moto unaifukuza pistoni inayoshuka, na valvu ya kutolea moshi inafunguka mchanganyiko ukiwa bado unawaka. Joto lililopaswa kusukuma pistoni linakwenda kuchemsha ekzosi, na usiku unaweza kuiona shingo yake ikiwa nyekundu. Nguvu inapungua, dereva anazungusha eksileta zaidi kupanda kilima kilekile, mafuta yanakwisha. Sailensa inashuka, na ukiachia eksileta ekzosi inatoa milipuko.

Dalili hizo zote zinafanana na za kabureta inayotoa mafuta machache. Hapo ndipo fundi anapopotea. Anaona sailensa iko chini, anaipandisha kwa skrubu. Kumbe skrubu ile inanyanyua mlango wa kabureta, na mlango ukishanyanyuka, mashine haitegemei tena ile njia ndogo ya mafuta ya sailensa peke yake. Ndiyo maana anazungusha skrubu ya hewa kushoto na kulia na mashine haimjibu. Anahitimisha kwamba jeti ni ndogo, anaweka kubwa zaidi au, vibaya zaidi, anaitoboa ile ya kiwandani. Sasa petroli inaingia nyingi. Plagi inakuwa nyeusi kwa masizi. Petroli isiyoungua inasafisha oili kwenye kuta za silinda na kuchuruzika hadi kwenye oili ya chini, ringi zinakula silinda, na pikipiki iliyoletwa kwa tatizo la wakati inaondoka na matatizo matatu.

Taimingi ikiwahi kupita kiasi, mambo ni mengine na hatari ni kubwa zaidi. Moto unaisukuma pistoni ambayo bado inapanda. Kiki inarudisha mguu kwa nguvu wakati wa kuwasha. Mashine ikibeba mzigo au kupanda mlima inatoa mlio mkavu wa vyuma kugongana. Kichwa cha silinda kinachemka, na pistoni inaweza kuyeyuka sehemu ya juu mpaka ikatoboka. Fundi akiongeza mafuta, mlio ule hupungua, kwa sababu petroli ya ziada inapoza chumba cha moto. Mteja anafurahi. Lakini mficha maradhi kilio humfichua: ugonjwa umefunikwa kwa petroli, na siku tangi likiwa na mafuta dhaifu, pistoni ndiyo itakayolia.

Na mafuta dhaifu si jambo la kubuni. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hushusha uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo, hivyo taimingi iliyokuwa sahihi jana leo inakuwa imewahi mno. Tanzania ililijua tatizo hili vizuri: mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili wachakachuaji wabainike, na katika bajeti ya 2011/12 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili biashara hiyo isilipe. Kenya nayo ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Petroli ya chupa isiyojulikana ilikotoka haina mlinzi wa namna hiyo. Fundi anayesikia mgongano aulize kwanza kuhusu mafuta, kisha aangalie taimingi, kabureta iwe ya mwisho.

Kuna upande wa pili ambao mafundi wazuri wanapaswa kuushika kwa uzito uleule. Taimingi ikirekebishwa, kabureta lazima ipangwe upya. Moto ukirudi kwenye wakati wake, sailensa inapanda yenyewe, kwa sababu mafuta yaleyale sasa yanatoa nguvu zaidi. Shusha skrubu ya sailensa mahali pake, mlango wa kabureta urudi chini, ndipo skrubu ya hewa itaanza kujibu. Jeti kubwa iliyowekwa kuficha ugonjwa itolewe, irudi ya kiwandani. Anayerekebisha taimingi na kuiacha kabureta vilevile amefanya nusu ya kazi.

Uhusiano huo ni wa pande mbili. Petroli huungua kikamilifu kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, lakini nguvu kubwa zaidi hupatikana mafuta yakizidi kidogo, kwenye kilo 12.5 hadi 13 za hewa, na hapo moto husambaa kwa kasi kubwa kuliko kwenye mchanganyiko mwingine. Mchanganyiko wenye hewa nyingi mno huungua polepole. Kwa hiyo kila anayebadili mafuta amebadili pia wakati ambao mashine inahitaji kupigiwa moto, na kila anayebadili moto amebadili namna mafuta yanavyotumika. Mambo haya mawili hayapangwi kila moja kivyake.

Hata mahali pana sauti. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mgandamizo ndani ya silinda ni mdogo, na mashine inavumilia moto uliowahi. Pikipiki iliyopunguziwa mafuta huko ikiletwa Mombasa au Mucojo, penye hewa nzito ya bahari, itakuta mafuta yake hayatoshi na itagonga kirahisi. Mpangilio wa bara hauhamishiwi pwani kwa kunakili.

Anayetaka ushahidi kwamba vitu hivi viwili ni ndugu, asiende mbali. Aende ufukweni, akaiangalie mashine ya boti ya aina ya zamani, ile ya kuchanganya oili na petroli, ambayo wavuvi wa pwani yetu wameitumia miaka mingi. Avue kofia yake, kisha azungushe mkono wa eksileta mashine ikiwa imezimwa. Ataona vyuma viwili vikisogea kwa pamoja: kimoja kinafungua mlango wa kabureta, cha pili kinazungusha bamba lililo chini ya magneto ili moto uwahi kadiri mafuta yanavyoongezeka. Kwenye sailensa baadhi ya mashine hizo hupiga moto pistoni ikiwa imeshapita kilele kidogo. Mkono ukifunguliwa wote, moto unapiga mapema kabisa. Waliozitengeneza waliunganisha moto na mafuta kwa fimbo ya chuma. Fimbo hiyo ikipinda au kiungo chake kikilegea, boti inakula mafuta na haikimbii, na hakuna jeti itakayoiponya. Mvuvi aliyekwama nje ya mwamba analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Tumewasikia mafundi wanaotupinga, na hoja yao inastahili jibu. Wanasema: siku hizi ni CDI, haina pointi za kulika, taimingi haibadiliki, kwa nini tupoteze muda? Kuhusu pointi wana haki. Kwenye pikipiki za zamani, kisigino cha pointi kililika, nafasi ikapungua, na moto ukachelewa taratibu bila dereva kujua. CDI haina ugonjwa huo. Lakini ina yake. Magneto inashikiliwa kwenye krenki na nati pamoja na kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Nati ikiwa haikukazwa vizuri, kipande hicho hukatika nusu, magneto inahama digrii chache, na pikipiki inaendelea kutembea ikiwa mgonjwa. Pulsa (kihisio kinachoiambia CDI lini ipige moto) ya bei rahisi inaweza isikae mahali pale pale pa ile ya mwanzo. Magneto ya modeli nyingine inaweza kuingia kwenye krenki huku alama zake si zako. Na CDI ya pikipiki nyingine huweza kuingia kwenye soketi ileile na kuwasha mashine, huku mpangilio wake wa kuwahisha moto ukiwa wa injini tofauti. Muuzaji akisema inaingia, amekuambia habari ya soketi tu.

Isitoshe, kuhakikisha hakuchukui muda. Fungua kifuniko kidogo cha kuangalia magneto. Kwenye ukingo wa magneto kuna alama: T ni pistoni ikiwa kileleni, F ni mahali pa kupiga moto kwenye sailensa. Kwenye kava kuna alama ya kudumu ya kulinganishia. Bana waya wa taa ya taimingi kwenye waya wa plagi, iunganishe na betri ya volti 12, washa mashine, mulika. Taa inawaka kila plagi inapopiga, na F itaonekana kana kwamba imesimama. Ikiwa imelingana na alama ya kava, na magneto haijahama kwenye krenki, moto uko sahihi. Ongeza mzunguko: F lazima ihame na alama za kuwahi zije mahali pake. Isipohama, CDI ni mbovu au si yake. Magneto iliyohama kwenye krenki taa haiionyeshi, kwa kuwa alama zimehama nayo; ukiishuku, toa nati, kagua kile kipande cha nusu mwezi. Kumulika kwa taa ni kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kwa hiyo utaratibu tunaoutaka katika kila gereji, iwe ya bati mjini Pemba au ya kivuli cha mwembe Mucojo, ni huu. Kwanza kichujio cha hewa, hasa kwenye njia za mchanga, kwa sababu kilichoziba huongeza mafuta na kilichochanika huingiza mchanga. Pili nafasi za valvu, mashine ikiwa baridi. Tatu mgandamizo na plagi yenyewe. Nne taimingi kwa taa. Tano, na mwisho, kabureta: usafi, kiwango cha mafuta kwenye bakuli, jeti ya kiwandani, kisha skrubu ya hewa na sailensa. Anayeruka hatua anakisia, na mteja ndiye anayelipia makisio yake.

Hatuwalaumu mafundi peke yao. Wengi walijifunza kwa kumtazama fundi mwingine, na hawajawahi kushika taa ya taimingi mkononi. Lawama hiyo ni ya wenye vyuo na wenye bajeti. Msumbiji ina IFPELAC, taasisi ya mafunzo ya ufundi yenye kituo Pemba. Tanzania ina VETA, mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi stadi. Tunaziomba zote mbili zitoe kozi fupi za pikipiki na mashine za boti zinazowafuata mafundi waliko, badala ya kusubiri kijana wa Mucojo apate nauli na cheti cha shule ndipo asogelee lango. Mashirika yanayowapa waliorejea makwao mbegu na nyavu yaongeze sanduku la vifaa vya fundi: taa ya taimingi, kipimo cha nafasi za valvu, kipimo cha mgandamizo, na kifaa cha kuvutia magneto ili isipigwe nyundo. Sanduku moja likikaa kwa fundi mmoja mwaminifu linahudumia pikipiki zote za eneo lake.

Wauzaji wa vipuri nao waandike kwenye kila CDI modeli inayoifaa, na wakatae kumuuzia mtu boksi kwa kulinganisha soketi. Wanaosifia CDI za mashindano, zinazoondoa kikomo cha mzunguko, wajue wanamuuzia dereva wa abiria kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mashine nyingine na kazi nyingine.

Tunajua pikipiki mpya za kupuliza mafuta kwa kompyuta zinakuja. India ilipoanza kutekeleza viwango vyake vikali vya moshi tarehe 1 Aprili 2020, watengenezaji wake wengi waliiacha kabureta kwa soko la nyumbani. Kwenye pikipiki hizo mpya kompyuta moja inapanga moto na mafuta kwa pamoja, na hilo tu linatosha kuonyesha kwamba havikupaswa kutenganishwa. Lakini barabara zetu zitaendelea kubeba kabureta kwa miaka mingi, na hatuwezi kuwaambia madereva wa leo wasubiri.

Basi wewe dereva, neno letu la mwisho ni kwako, kwa kuwa pesa ni yako. Pikipiki ikianza kula mafuta, usimwambie fundi akaze kabureta. Muulize kwanza: taimingi umeiangalia? Akisema bado, mwambie aiangalie kabla hajagusa kabureta. Akikataa, panda pikipiki yako uende kwa fundi mwingine.